Usiku Kanisa Zima Lilipotoka Nje

Katika kile kikanisa cha mbao cha Ndosho, pale Goma, hakukuwa na mwombezi aliyedumu kuliko Mama Léocadie Mukamazimpaka, na sasa walitaka kumwondoa kwa sababu ya mkojo.

Ndivyo ilivyokuwa, wala hakuna namna ya kulisema kwa adabu zaidi. Kila kesha la Ijumaa, maombi yakishapamba moto, mwili ulimwita. Akijikaza, ulimwita kwa ukali. Basi anainuka, anapita kando ya ukuta ameinamisha kichwa, anatokea mlango wa kando, anakanyaga taratibu yale mawe meusi ya volkano mpaka chooni, anarudi. Hajamaliza hata kupiga magoti, anaitwa tena. Na nyumbani siku za kawaida analala mpaka asubuhi kama mtoto aliyeshiba! Shida ilikuwa kwenye kesha tu.

Jambo hilo halikumpita Mama Joyeuse, mkuu wa waombezi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu toka upande wa pili wa soko.

"Mama Léocadie," alimwambia mbele ya wenzao, "kwako unalala muzuri, hapa kwa maombi unatoka-toka. Hiyo haiko ugonjwa. Hiyo ni pepo."

Wakamwekea mikono. Wakalikemea pepo la mkojo kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, na kidogo kwa Kifaransa ili lisije likasema halikuelewa. Katikati ya kukemea, Léocadie akainua kidole akaomba ruhusa ya kutoka.

Hapo Joyeuse akakata shauri. Ijumaa ijayo ilikuwa kesha kubwa la mwaka.

"Batu bote batafunga kavu toka saa sita ya muchana," akasema. "Hata tone moja ya maji, hapana. Kama hakuna mutu amekunywa, hakuna mutu atatoka. Wewe ukitoka, Mama Léocadie, tutajua ni pepo njo inakutosha inje, na maombi ya mapambazuko tutamupa Patricia."

Neno lile lilimchoma Léocadie. Maombi ya mapambazuko, yale ya kufunga kesha jua likianza kutoka, yalikuwa yake tangu mumewe Hitimana alipofariki. Mwaka ule hakuwa na hamu ya kula wala ya kuzungumza na mtu. Mchungaji Evariste alimwambia tu, "Mama, ukuje utuombee asubuhi," naye akaja, na kwa kuja kule akarudi kuwa mtu. Sasa wamnyang'anye, tena kwa jambo kama hili?

Siku ya Jumatatu akapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka Mabanga, kwenye kituo cha afya, kwa Umwiza, muuguzi aliyekulia katika kanisa lile. Umwiza akapima mkojo, akapima damu.

"Sukari hakuna, mama. Microbe hakuna. Hauna ugonjwa."

"Basi ni nini? Mimi sikunywaka maji usiku."

"Ni kule kukesha. Mutu akilala, tansiyo, ile presha ya damu, inashuka, mwili inashika maji yake, figo zinapunguza kazi. Njo maana unafika asubuhi bila kuamuka. Lakini mutu akibakia macho usiku muzima, tansiyo haishuke muzuri. Figo zinatosha chumvi, zinaitupa kwa mukojo, na maji inafuata chumvi. Kibofu kinajaa hata kama haukukunywa kitu."

"Na benzangu? Mbona bo habatoke?"

Umwiza akacheka. "Mama, nani alikuambia habasikie mukojo? Uliwaangalia?"

Kweli, hakuwa amewaangalia. Yeye aliyejua kila jirani amepika nini kwa kuuangalia moshi tu, kwenye kesha alikuwa akifumba macho kwa aibu. Akarudi Ndosho ameazimia kuomba macho wazi.

Ijumaa wakafunga kavu wote. Giza lilipoingia, lango la uwanja likatiwa kufuli, maana siku hizi mtu hatembei Goma usiku. Anayeingia kwenye kesha hutoka na jua. Papa Bienvenu wa protokole, mpokeaji wa waumini milangoni, mkanda wake wa bluu kifuani, akasimamishwa kwenye mlango wa kando. Joyeuse akaketi mstari wa mbele, akageuza kiti kidogo ili amwone Léocadie vizuri.

Mwanzoni kulikuwa na shangwe. Baadaye, usiku ulipokomaa, Léocadie akausikia mwito wake. Safari hii hakufumba macho. Aliangalia.

Papa Bienvenu alikuwa akisimama mguu mmoja, kisha mwingine, kama mtu aliyekanyaga siafu. Papa Florent, mpiga ngoma, alikuwa akiharakisha kila wimbo ili uishe. Patricia, yule wa kupewa mapambazuko, aliomba amebana magoti, kitenge amekikunja katikati ya mapaja. Na Joyeuse mwenyewe! Jasho lilimtoka puani, na kila aliposema "Haleluya" aliikata katikati.

Mchungaji Evariste, bila kujua, alikuwa akihubiri habari za Musa. "Akanyoosha fimbo yake! Na maji... maji ikafunguka!"

Kanisa zima likaguna.

"Nilisema maji ikafunguka!"

"Pasta, tuhurumie," sauti moja ikanong'ona nyuma.

Léocadie akasimama. Hakupita kando ya ukuta. Alipita katikati, kichwa juu, mpaka mbele ya madhabahu.

"Pasta, unisamehe. Niko naenda kukojoa."

Mtu akaangua kicheko. Joyeuse akaruka, kisha akajuta kuruka. "Mumeona? Mumeona pepo!"

"Pepo haiko," Léocadie akasema. "Niko na kibofu, Mungu njo alikitengeneza. Muganga wa kituo cha afya alinipima: mutu akikesha, mwili inafanya mikojo, akunywe asikunywe. Sisi bote tulifunga kavu. Basi mwenye hasikie kitu, asimame muzuri, miguu mbali-mbali, anikemee. Nitamuachia mapambazuko leo leo."

Akangoja. Aliwatazama mmoja mmoja, kama anavyowatazama, kwenye biashara yake sokoni, wateja wasiotaka kusema bei. Hakuna aliyesimama. Papa Florent akaweka ngoma chini taratibu mno.

"Bienvenu," mchungaji akasema, na sauti yake nayo ilikuwa nyembamba, "fungua mulango."

Lakini Papa Bienvenu hakuwepo tena mlangoni. Ndiye aliyekuwa wa kwanza chooni.

Walitoka wote. Wababa wakatafuta ukuta wa nyuma. Wamama wakapanga mstari juu ya mawe, wamejishikilia, wakicheka mpaka kucheka kukawa hatari. Mmoja akaanzisha wimbo wa sifa, wengine wakaudakia, na kila aliyetoka chooni alitoka ameinua mikono kwa shukrani ya kweli kabisa. Kwa miaka yote ya makesha pale Ndosho, hawakuwahi kuimba vizuri namna ile.

Léocadie alikuwa karibu kufikia zamu yake alipoguswa bega. Ni Joyeuse, amejikunja.

"Mama Léocadie. Dada yangu. Niachie nafasi."

"Pepo yako iko na haraka?"

"Iko na haraka sana, mama. Ya kwako ni ndogo pembeni ya yangu."

Mstari mzima ukapasuka kwa kicheko. Léocadie akasogea akampisha, na Mungu anajua haikuwa rahisi.

Waliporudi ndani, maombi yalipanda kama moto uliotiwa kuni kavu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akijikaza tena. Mchungaji akatangaza kwamba kuanzia siku ile kila kesha litakuwa na matembezi ya kutoka nje wote pamoja, kwa kuimba, na maji yatanywewa. Na anga ilipoanza kuwa nyeupe nyuma ya mbao, Joyeuse mwenyewe akasimama, kwa sauti yake ile ya soko:

"Mapambazuko ni ya mwenyewe! Mama Léocadie, ukuje!"

Akaenda. Akashukuru kwa usiku kupita salama, kwa Hitimana aliyepumzika, kwa watoto waliolala nyumbani. Kisha akashukuru kwa figo, moja ya kuume na moja ya kushoto, zinazofanya kazi bila kulala watu wakikesha. Amina iliyomjibu ilitikisa mabati, na majogoo wa Ndosho, waliozoea kuwa wa kwanza, siku ile waliwika baada ya watu.