Spika ya Chama Yavuka Kwenda Lupiro

Mwenyekiti Fridolin alishasema, pale ofisini Ifakara, kwamba kwenda Lupiro kuomba kura ni kuchoma mafuta bure, kwa sababu watu wale wamekinyima chama kura miaka yote. Justa, katibu mwenezi, akamjibu kuwa kuwahutubia waliokwisha kukubali ni sawa na kumbatiza padre. Akafunga spika kwenye bajaji, akavuka daraja.

Kijijini hakukuta mtu. Mpunga ulikuwa unaiva, na kila mwenye mikono alikuwa shambani akifukuza ndege. Kurudi kuchekwa na Fridolin? Thubutu! Akaenda na bajaji yake hadi ukingoni mwa majaruba, akafungulia sauti mpaka mwisho, akamwaga sera saa nzima. Kwelea kwelea wakanyanyuka kundi zima, wakatokomea.

Shamba zima likashangilia. Bibi mmoja, Agnella, akashuka kwenye dungu lake, kombeo mkononi.

"Shikamoo, bibi. Sera zimekuingia?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu alfajiri sijaketi. Umenipumzisha, Mungu akubariki."

"Basi kura zenu tumezipata!"

"Aa, kura tutawapa wale wale wetu."

Justa akapandwa na hasira. "Hao wenu wamewahi kukanyaga hapa?"

"Hata siku moja," alisema bibi, akimpigapiga begani. "Ila wewe njoo kesho saa kumi na mbili, ndege huamka mapema. Sera punguza, sauti ongeza."