Kilio cha Mtoto wa Mbweha

Fundi cherehani alikuwa na sikio. Mashine ikikohoa kidogo tu, alijua kama sindano imepinda au uzi umejisokota. Ndiyo sababu baba mkwe wake, mzee aliyeanza kuwinda kabla hajaota ndevu, alimchagua yeye kumrithisha kazi, akamwacha mwanawe wa kumzaa.

"Mumeo nilimjaribu," mzee alimwambia, ameketi kwenye benchi la wateja kati ya suruali zinazongoja vifungo. "Akipuliza kipulizo cha kuwaitia mbweha, utadhani beberu mwenye mafua. Mbweha hata mmoja hakuja. Alikuja beberu."

"Nakusikia, baba!" mume akadakia kutoka uani. "Na beberu mwenyewe alikuwa amenona, sema kweli."

Mzee hakuweza tena kupuliza. Meno ya mbele yalikuwa yamemtoka moja moja, kama wageni wasioaga, na bila meno kipulizo hakishikiki. Kilikuwa kitu kidogo tu: vijiti viwili bapa vilivyofungwa pamoja, katikati yake utepe mwembamba uliokazwa. Ukikiuma na kupuliza, kinalia kama sungura aliyenaswa mguu. Mbweha akisikia hivyo huja mwenyewe, kwa miguu yake, akidhani kuna mlo. Mwindaji hamfukuzi. Anaketi, anangoja.

Na mbweha msimu ule walikuwa wametia fora. Fundi alifuga kondoo saba nyuma ya nyumba, na wana-kondoo watatu walikuwa wamekwisha kuliwa. Wa mwisho alikutwa amebaki kichwa na kipande cha ngozi.

Basi akajifunza palepale kwenye kibanda chake cha kushonea, kati ya mteja na mteja. Mzee alifumba macho akasikiliza.

"Huyo sungura wako ana afya mno, mwanangu. Anayekufa hapigi kelele mfululizo, anachoka. Anza kwa nguvu, legea, kata. Kisha nyamaza, muda wa kupiga pindo la sketi nzima."

Fundi aliubandua ule utepe wa zamani akaweka kipande cha satini alichobakiza kwenye gauni la bibi harusi. Sauti ikawa nyembamba, ya kukata maini. Mama mmoja aliyekuja kupimwa alishtuka, akauliza kinacholia mle ndani ni nini.

"Ni gauni lako la mwaka jana, dada," mzee akamjibu. "Linasikia umekuja kulivaa tena."

Walipoanza kutoka kwenda kuwinda, mzee alimfundisha kuketi upepo ukimjia usoni, mgongo kwenye kichaka, bunduki mapajani. Asubuhi ya tatu alikuja dume, akizunguka kwa mbali kama mbweha wote wazungukavyo, akiutafuta upepo umpe habari. Fundi akampiga risasi moja. Siku hiyo mzee alimsimamisha kila aliyepita barabarani, akamweleza.

Lakini wana-kondoo waliendelea kupungua. Alikuwa amebaki jike. Huyo alimwona mwenzake akianguka, na sungura wa fundi hakumdanganya tena. Alisimama juu ya kilima, akatazama, akageuka zake.

"Mwache," mzee akasema. "Ana watoto. Wakikua atahama nao. Ziba zizi kwa miiba, vumilia wiki tano."

"Wiki tano ni wana-kondoo wangapi, baba?" Fundi akakata uzi kwa meno. "Halafu, kuna mwito mwingine. Niliwahi kusikia ukiutaja."

"Upo. Wa mtoto wa mbweha akiumia. Sifundishi."

"Kwa nini?"

"Mwenye njaa unalidanganya tumbo lake. Mzazi je, unamdanganya nini?"

Fundi alilisikia neno hilo, akaliweka kando kama kitambaa cha mteja asiye na haraka. Alikuwa amenogewa na sifa, tuseme ukweli. Alitaka mzee asimamishe watu barabarani mara ya pili. Alasiri tatu mfululizo alijilaza ng'ambo ya korongo, karibu na shimo la jike, akiwasikiliza watoto wakicheza. Mmoja akiumwa na mwenzake, hulia mara mbili fupi, kisha moja ndefu inayopanda. Mara mbili fupi, moja ndefu. Akarudi nayo kibandani, akaifanyia mazoezi mashine ikinguruma, mzee asije akasikia.

Asubuhi ya nne akachukua bunduki, akaenda peke yake, akapuliza.

Jike hakuzunguka. Alikuja moja kwa moja, mbio, akauangusha njiani mguu wa mwana-kondoo aliokuwa ameubeba. Akasimama hatua kumi kutoka kwa fundi, akamwona wazi kabisa, wala hakukimbia. Akachungulia kushoto kwake, akachungulia kulia, akimtafuta mtoto nyuma ya fundi.

Fundi alikuwa na nafasi ya kumfukuza: kuinua mkono, kukohoa tu. Kidole kikatangulia, risasi ikatoka.

Nyumbani alimlaza yule mnyama uani. Mzee aliweka kikombe chake cha chai chini, akainama, akamgusa tumbo. Chuchu zilikuwa zimejaa.

"Alikuja kwa mwito gani?"

Angeweza kudanganya. "Ule, baba."

"Alizunguka?"

"Hakuzunguka."

"Najua," mzee akasema. "Nami niliwahi kumwita mmoja hivyo, mwaka aliozaliwa mumeo." Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Fundi hakukaa. Alimkamua kondoo aliyefiwa na mwanawe, akatia maziwa kwenye bakuli, akaenda korongoni. Shimo liliingia chini ya mwamba, jembe halifui dafu. Akapuliza mara mbili fupi, moja ndefu. Akawasikia watoto wakikwaruza, wakirudi ndani zaidi. Bila shaka, kilio humwambia mtoto kuna hatari. Akarudi mbio.

"Baba, nifundishe anavyowaita mama yao. Ule wa kuwaambia watoke."

"Siujui."

"Umewinda miaka hamsini!"

"Hamsini nimejifunza vilio, mwanangu. Huo wa kusema nimerudi, tokeni, hakuna mwindaji aliyewahi kuutaka." Mzee akatazama mikono yake. "Ningekuwa nao, ningekupa."

Alikwenda kesho yake, na keshokutwa, maziwa mapya kila mara. Njiani majirani walimpongeza, wakimwita jemedari, wakisema sasa kondoo watalala usingizi. Aliitikia, akapita. Kipulizo alikiacha nyumbani. Alitumia mdomo mtupu: akajaribu sauti ya kuwaita kuku, akajaribu ile aliyowaitia wanawe walipokuwa wakitambaa, akajaribu kuguna chinichini kama alivyodhani labda jike huguna akifika mlangoni. Siku ya pili alisikia kitu kikisogea karibu na mdomo wa shimo, akaacha hata kupumua. Kikarudi.

Siku ya nne mume alimfuata, maana nguo za wateja zilikuwa zimerundikana na mlango umegongwa tangu asubuhi. Alimkuta kalala kifudifudi, shavu mchangani, anaguna. Bakuli limejaa sisimizi.

"Twende, mke wangu. Hakuna kitu humo tena."

"Nyamaza kidogo," fundi akasema. "Labda sauti ya mama yao bado siipati vizuri."