Saa ya Mizani

Kila asubuhi gari la kampuni lilipomshusha Marciana Shimba pale Kidodi, alimkuta Mama Magreti kasimama kando ya mizani ya malori. Bibi yule hakuwa na fujo. Alisubiri malori ya miwa yapite, vumbi litulie, ndipo amsogelee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hussein wangu huu mwezi wa pili yuko rumande Kilosa. Kaangalie tena kwenye mashine yako."

"Nimeangalia, mama."

"Kaangalie tena. Sikuombi unipendelee. Nataka ukweli wake tu, basi, hata ukiwa mchungu."

Marciana aliitikia kwa adabu na kuingia ofisini. Ukweli, kwa jinsi alivyojua yeye, ulikuwa umeshaandikwa, umepigwa muhuri na kupelekwa polisi. Hata hivyo yale macho ya bibi yalimfuata mpaka mezani.

Ilikuwa ile miaka ambayo mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa huku na huko, na wenye mitaji wanakuja kununua hata yale ambayo sisi tulidhani hayauziki. Kampuni ya Neema Miwa ilipata wenyewe wapya, na hao wapya hawakuwa watu wa kupatana na hasara. Msimu wa kwanza tu walishangaa: mbona tumelipia miwa mingi kuliko iliyoingia kiwandani? Wakaleta mtaalamu kutoka Dar. Mtaalamu mwenyewe ndiye Marciana, mhasibu wa aina ambayo wakati ule hatukuwa na jina lake. Alifuata pesa iliyopotea, tena aliweza kuingia ndani ya kompyuta na kufufua mafaili ambayo mwenyewe alikwisha kuyafuta na kujiona mjanja.

Kazi aliifanya, usimwonee. Alikwenda mashambani akakuta wakulima saba wanaolipwa kila mwezi ambao hakuna jirani aliyewahi kuwaona. Shamba la mmoja wao, kwa maelezo ya kampuni, lilikuwa katikati ya mto. Malipo yao yalichukuliwa taslimu dirishani, kwa barua za utambulisho za kughushi. Majina yao yalitoka kwenye kompyuta ya chumba cha mizani, mahali ambapo karani huingiza uzito wa kila lori. Ndani ya kompyuta hiyo Marciana alifufua mafaili ya uzito yaliyofutwa, na kila faili lilibeba saa lilipobadilishwa. La kwanza lilisema 02:14. Lililofuata, 02:40. Mengine 03:05, 03:30, hivyo hivyo.

Paswedi haikumsaidia. Ilikuwa moja kwa makarani wote, na mtu alikuwa ameiandika kwa kalamu ubavuni mwa skrini, kila mpita njia aisome. Kilichobaki ni saa. Akaandika kwenye ripoti yake: mafaili yalibadilishwa kati ya saa nane na saa kumi usiku. Nani yuko mizani saa hizo? Karani wa zamu ya usiku, Hussein Saidi, na hapana mwingine.

Siku polisi walipokuja, Hussein aliuliza swali moja tu. "Mashine ndiyo iliyosema saa nane usiku?"

"Ndiyo," Marciana akamjibu.

Hussein alimtazama yeye, akaitazama kompyuta. Kisha akasema, "Basi andikeni." Hakusema tena neno. Marciana alikichukua kile kimya kuwa ni kukiri, na usiku ule alilala usingizi mzuri Mikumi, alikofikia.

Kilichomkera baadaye ni maneno ya watu. Marciana alikuwa binti wa wafugaji waliohamia tambarare za Kilosa kutoka Shinyanga, naye Hussein mtoto wa wakulima wenyeji. Sokoni alisikia mama mmoja akisema, tena bila kushusha sauti, "Ng'ombe zao zimemaliza mashamba yetu, sasa wametufikia kwenye watoto." Aliumia. Alitaka kugeuka na kuwaambia kwamba mashine haina kabila. Akanunua nyanya zake akaondoka.

Sasa zilibaki siku mbili kesi isikilizwe, na Marciana alikuja Kidodi kurudisha diski ya kompyuta aliyokuwa ameichukua kuinakili; tangu hapo mashine ilikaa imezimwa, na makarani waliandika uzito daftarini. Kazi ya bisibisi, ya kumaliza upesi. Zamu ilikuwa ya asubuhi, na karani wa asubuhi alikuwa Upendo Yeremia, dada mpole mwenye mtoto mchanga mgongoni. Upendo alimkaribisha chai na mihogo ya kukaanga, akamsogezea kiti chenye afadhali. Marciana akafunga skrubu ya mwisho, akawasha.

Skrini iliwaka, na pembeni chini ikaandika 4:07.

Marciana alitazama saa yake ya mkononi. Mshale ulikuwa kwenye kumi, na dakika zilikuwa saba. Saa nne na dakika saba asubuhi.

Wazo lake la kwanza lilikuwa betri. Lakini betri ya kompyuta ikifa, saa hurudi nyuma miaka na miaka, wala haikumbuki tarehe. Hii tarehe yake ilikuwa sahihi. Dakika zilikuwa sahihi. Kilichopungua ni saa sita kamili, hakuna zaidi.

Hapo mwanzo alitaka kucheka. Sote tunajua mambo yetu: saa inaonyesha kumi, mdomo unasema saa nne. Hesabu hiyo tunaifanya kichwani tangu utotoni, hata hatuisikii. Sasa kumbe kuna mtu alichoka kuifanya, akaiamuru mashine iseme vile mdomo unavyosema. Ile 02:14 haikuwa saa nane usiku hata kidogo. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, jua limeshatoka, Hussein keshakabidhi zamu na yuko njiani kwenda kulala.

Kisha akaikumbuka fomu yake. Kanuni ya kwanza aliyofundishwa katika kazi hii ni kwamba kabla hujachukua diski, washa mashine uandike saa yake, uilinganishe na ya mkononi. Siku alipoichukua diski umeme ulikuwa umekatika. Aliahidi nafsi yake kurudi umeme ukiwaka, akasahau, na kwenye fomu, penye swali kama saa ya mashine ni sahihi, akatia alama ya ndiyo. Kwa alama ile mtu alikuwa amelala sakafuni miezi miwili.

"Upendo," aliita, "saa hii nani aliiweka hivi?"

"Kaka," Upendo alijibu huku akimbembeleza mtoto. "Nilipoanza kazi ile saa ya kizungu ilinichanganya, nikawa nakosea. Akasema ngoja nikuwekee ya kwetu."

"Kaka nani?"

"Hussein. Sisi mama mmoja, baba mbalimbali. Hukujua?"

Hakujua. Saidi na Yeremia ni majina mawili, nani angemwambia? Upendo alifungua mdomo aongeze neno, ndipo akaona jinsi Marciana anavyoikodolea skrini. Mkono uliokuwa ukimpigapiga mtoto ukasimama.

"Chai inapoa, dada," alisema polepole, akatoka nje.

Marciana aliyapitia mafaili yote upya, moja moja, akiongeza saa sita. Yote yaliangukia asubuhi, zamu ya Upendo. Kulikuwa na pengo la miezi mitatu ambalo faili halikuguswa. Kwenye ripoti alikuwa ameandika kwamba mwizi alipumzika kwa kuogopa. Akaulizia. Miezi ile mitatu Upendo alikuwa likizo ya uzazi. Akaulizia zaidi, akaambiwa kwamba mwaka jana fuso la mume wa Upendo liligonga twiga kwenye barabara ya hifadhini. Gari likafa, faini ya mnyama ikaja, na mkopo wa gari ulikuwa bado mbichi. Hakuhitaji kuuliza tena.

Mikumi ndiko kulikokuwa na mtandao wa simu. Alisimama kando ya barabara kuu, kidole kimoja sikioni kwa ajili ya malori yanayopandisha kwenda Iringa, akampigia bosi wake, Laurent.

"Umemwambia nani mwingine?" Laurent aliuliza.

"Wewe tu."

"Nisikilize, Marciana. Wateja wameridhika, ripoti imepokelewa. Leo useme umekosea kusoma saa, nani atatupa kazi tena? Nenda kasome ulichoandika, ushuke kizimbani."

"Na yule kijana?"

"Ana wakili wake. Kama wakili hajauliza, wewe unajibu nini?"

Simu ikakatika yenyewe, na Marciana hakuipiga tena. Alikuwa na hasira na Laurent, lakini hasira kubwa zaidi alikuwa nayo juu yake mwenyewe, na hiyo haikuwa na namba ya kupiga.

Siku ya kesi alifika Kilosa mapema, akaomba kumwona mshitakiwa. Askari alimpa dakika chache kwenye chumba cha nyuma ya mahakama. Hussein alikuwa amekonda, shingo imebaki mifupa, lakini alimwamkia vizuri tu kama mgeni wa nyumbani.

"Saa ile uliiweka wewe," Marciana alisema.

Hussein hakujifanya haelewi. Alitazama mlango kwanza. "Niliiweka mimi."

"Na siku ile ulijua kwamba nimeisoma vibaya. Neno moja tu ungesema, ungelala kwako."

"Ningelala kwangu, halafu nani angelala huku?" Aliinama akashusha sauti. "Dada, mimi sina mke sasa, sina mtoto. Upendo ananyonyesha. Baba yake alipokufa mimi ndiye niliyemsomesha, nikamtafutia na kazi ile ile. Hata saa nikamwekea. Uliposema saa nane usiku, nilimshukuru Mungu. Niachie hivyo hivyo. Nakuomba."

"Mama yako kila siku ananiomba ukweli."

"Mama anadhani ukweli utamrudishia mtoto. Hajui kuna mwingine utakayemchukua." Hussein akamshika mkono, pingu zikagonga meza. "Wewe si uliandika? Soma ulichoandika."

Ajabu ya dunia hii: bosi anayeogopa kukosa wateja na mfungwa anayempenda dada yake walimwomba jambo lile lile. Marciana alitoka nje akasimama kwenye korido, asijue aegemee upande upi. Aliwaza kunyamaza. Tusimsafishe, aliwaza sana. Ingekuwa rahisi, na kila mtu angemshukuru isipokuwa bibi mmoja.

Bibi mwenyewe alikuwa ameshakaa mstari wa mbele, khanga safi, viatu vya kanisani. Pembeni yake alikaa Upendo na mtoto mapajani. Marciana alipopita, Mama Magreti alimshika mkono.

"Umeangalia tena, mwanangu?"

"Nimeangalia, mama."

"Mungu akubariki," alisema bibi, na uso wake ukajaa matumaini kiasi kwamba Marciana alishindwa kuutazama. Upendo hakuinua macho.

Alipanda kizimbani akaapa. Mwendesha mashtaka alimtembeza kwenye ripoti taratibu, wakulima saba, shamba la mtoni, barua za kughushi, mafaili yaliyofufuliwa. Marciana alijibu yote. Kisha mwendesha mashtaka akafika pale alipokuwa anapangojea.

"Ieleze mahakama, shahidi. Faili la kwanza lilibadilishwa saa ngapi?"

Kwenye kizimba cha pili Hussein alikuwa anamtikisia kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Soma ulichoandika. Ripoti ilikuwa wazi mbele yake, saa nane usiku, kwa herufi zake safi, na muhuri chini.

"Shahidi?" aliita hakimu.

"Mheshimiwa, niliandika saa nane usiku," Marciana alisema. "Nilikosea. Sikuikagua saa ya ile kompyuta, na kwenye fomu nikasema nimeikagua. Iliwekwa kwa saa zetu hizi tunazozisema. Faili lilibadilishwa saa mbili asubuhi. Yote yalibadilishwa asubuhi. Mshitakiwa hakuwa zamu."

Minong'ono ikaenea ukumbini. Mwendesha mashtaka alidondosha karatasi. Mama Magreti alisimama wima, mikono juu, akapiga kigelegele kimoja cha furaha mbele ya hakimu, askari wakamkalisha naye bado anacheka na kulia. "Nilisema! Nilisema mwanangu hakuiba!"

Hussein alikuwa ameweka paji la uso juu ya mbao za kizimba, mabega yanamtikisika.

"Na zamu ya asubuhi," hakimu aliuliza, kalamu mkononi, "ilikuwa ya nani?"

Marciana aliifunga ripoti. Pale mstari wa mbele Upendo alimtoa mtoto kwenye titi, akamfunika vizuri na kitenge, akamgeukia mama yake.

"Mshike, mama," alisema.

"Nimshike? Unakwenda wapi?" Mama Magreti aliuliza, machozi ya furaha yangali mashavuni, akampokea mjukuu wake.