Mbuzi wa Siku ya Sahihi

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa na kuchunwa, na Waithera alitamani kumrudisha shemeji yake Kuria kwao Nyeri kwa gari la kwanza.

"Nani alikwambia uchinje?"

"Si mlikuwa mmechelewa, shemeji! Nimewasaidia tu," Kuria akajibu huku akipangusa kisu. Alikuwa na wiki mbili Isiolo, amehamishiwa ofisi ya serikali, na bado hajajua kitu.

Kusaidia gani huko! Mtaa mzima wa Wabera unajua: ukiwa na sherehe, hata uwe Mkristo uliyebatizwa mara mbili, mbuzi wako huchinjwa na Mwislamu ili majirani wote wale. Halijaandikwa popote. Abdinajib mchinjaji alikuwa njiani kutoka Leparua, pikipiki imepata pancha, lakini Kuria na haraka zake hakungoja.

Na haikuwa siku ya kawaida. Uwanja ulio kati ya kanisa na msikiti ulikuwa na barua mbili za umiliki, kila upande na yake. Mwezi wa nne vijana walirushiana mawe hapo, serikali ikauzungushia seng'enge, na shule ya chekechea ya Waithera, iliyokuwa humo ndani, ikafungwa. Watoto arobaini wa dini zote mbili sasa wanashinda barabarani. Leo wazee wa pande zote mbili wangetia sahihi mkataba wa kuutumia uwanja pamoja, shule ifunguliwe. Wasipotia, kesi inaenda kortini, na kesi za ardhi tunazijua, watoto hao wangeoa kabla haijaisha.

"Nyama ni nyama," Kuria alinong'ona. "Nani atajua? Ukisema, umeifunga shule yako mwenyewe."

Ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli. Abdinajib alipofika akakuta sufuria motoni. "Alhamdulillahi, mmepata mchinjaji mwingine," akasema, akaenda zake kuketi. Waithera akaendelea kukoroga mchuzi.

Ndani ya hema walimoketi wazee, Sadiya alikuwa akisoma mkataba alioandika. Huyo ni mtoto wa Wabera, alisomea sheria ya kimataifa ng'ambo. Alieleza kwamba duniani kuna sehemu zinazogombaniwa ambako dini mbili, tatu, huabudu mahali pamoja. Nani mwenye ardhi bado haijaamuliwa, lakini kila mtu anapita, anasali, wala hafukuzwi.

"Na polisi wa sheria hiyo ni nani?" akauliza Mzee Gollo, mfanyabiashara wa mifugo na msemaji wa upande wa msikiti.

"Mara nyingi hakuna, mzee. Wanaoahidiana hutimiza kwa nia njema. Nia hiyo ikikosekana, sheria inabaki karatasi tu."

"Wacha! Basi mnataka tutie sahihi kwa upepo." Watu wakacheka, naye Gollo akanawa mikono, maana wali na nyama vilikuwa vimeletwa. Akasema bismillahi, akanyoosha mkono kwenye sinia.

"Mzee, usile!"

Waithera mwenyewe alishtushwa na sauti yake. Hema lote likamgeukia.

"Mbuzi huyu hakuchinjwa na Mwislamu. Amechinjwa na watu wangu. Abdinajib hana kosa, hakujua."

Yalaa! Mtu mmoja nyuma akasukuma sinia, wali ukamwagika chini. "Ndio hawa tunaambiwa tuishi nao!" Wengine wakaanza kutafuta viatu vyao. Kuria akashika kichwa.

Gollo hakuinuka. "Nani mwingine alijua?"

"Shemeji yangu na mimi. Nilitaka kunyamaza, mzee, Mungu anaona. Nimenyamaza tangu asubuhi. Nataka shule yangu." Akalia mbele ya watu wote, wala hakujifunika uso.

Mzee akaitazama ile nyama. Njaa alikuwa nayo, maana alikuwa ametoka Kinna alfajiri.

"Ungenyamaza ningekula," akamwambia, "na ningekushukuru."

Kisha akawageukia waliokuwa wamesimama. "Ketini. Wali mtupu hauna shida." Akapangusa mikono kwenye kikoi chake, akamnyooshea Sadiya mkono. "Lete hiyo karatasi. Polisi wake nimemwona."

"Lakini mzee, tumefika kifungu cha nne tu. Bado saba."

"Hivyo vilivyobaki utanisomea nikishatia sahihi."