Majina Yenye Tulifuta

Batu banasema institut yetu ilibadilika. Kweli, ilibadilika. Mimi njo nilikuwa titulaire, mwalimu mwenye kuchunga sixième, darasa ya mwisho, basi munisikilize kwanza, kisha mutapiga makofi kama mungali na nguvu.

Mwaka ya 1981, batoto makumi mbili balifanya Examen d'État, mutihani ya serikali ya kumaliza masomo. Radio ikasoma majina mbili, ikapita ku institut ingine. Babili tu! Jirani mwenye alikuwa anasikiliza nasi ku dirisha alicheka mupaka akakohoa.

"Citoyen Cirhuza," Bulonza, préfet mwenye kuongoza institut, akaniambia, "bakisoma tena vile mwaka kesho, batatufungia sixième." Alikuwa mutu muzuri, mwenye kuchoka kama sisi wote.

Janvier, mbele ya kutuma Kinshasa liste ya candidats ba examen, aliniita ku bureau. Darasani nilikuwa na batoto makumi mbili na moja. Akasema tubakishe kenda tu, ni kusema tisa, benye batapita bila shaka. Bengine kumi na mbili barudilie cinquième, ao batafute kwingine. Njo hiyo maendeleo yenye munasikia. Hakuna mutu alifundisha muzuri kupita mbele. Chaki ilikuwa ile ile, bancs zilikuwa zile zile, na mimi nilikuwa mimi.

Wa kumi alikuwa Bibiane. Ku registre tuliandika Nsimire, juu serikali ilikataza majina ya ubatizo, lakini hakuna mwenye alimuita vile. Mama yake alikuwa anauzisha sombe, majani ya muhogo, ku soko ya Kadutu. Bibiane alikuwa na quarante-huit pour cent, chini kidogo ya nusu. Muzito ku masomo, ndiyo, lakini miaka sita hakukosa siku moja, hata mvua inyeshe namna gani. Balimuahidia nafasi ya kufundisha primaire huko Kavumu, akipata diplôme tu.

"Huyu nitamusaidia, préfet. Kufika juin atapita."

"Ao hatapita. Na ukimuacha huyu, bale kumi na moja utabaambia nini?"

Nilikuwa nimechoka. Nilifuta jina yake, nikaenda nyumbani kulala.

Alipokuja kuuliza juu ya nini haiko ku liste, nilimuambia dossier yake ilipotea Kinshasa. Nani atabisha? Kinshasa inapotezaka vitu vingi. Alilia kidogo, kisha akasema, "Asante, prof. Najua ulinipigania." Mama yangu wee! Heri angenipiga kofi.

Matokeo ikatoka: kenda juu ya kenda. Radio ilisoma majina yote, préfet akacheza ndani ya cour na kravati ya abacost yake... hapana, abacost ni suti ya bila kravati, alicheza na mouchoir, kitambaa ya shingo, jasho inamutoka. Septembre bazazi balijaa. Bengine balitoka kisiwa ya Idjwi na mutumbwi, juu ya pourcentage yetu. Mimi niliketi ku meza, naandika bapya.

Siku ya pili Mama Bibiane akafika mbele yangu, ameshika mukono ya binti yake mudogo, Euphrasie.

"Bibiane je?" nikauliza.

"Iko ku soko na mimi. Ile nafasi ya Kavumu balipatia mutu mwingine. Lakini yeye mwenyewe njo alisema, mudogo yangu mumupeleke kwa Prof Cirhuza." Akainama karibu. "Tunakuomba kitu moja tu, mwalimu. Dossier ya huyu, siku yake ikifika, uipeleke wewe mwenyewe mupaka ku avion ya Kinshasa. Isipotee tena."

Niliweka bic chini. Miezi yote ile nilikuwa nabeba ile uongo, na siku ile nguvu ya kuibeba ikaniishia.

"Mama, haikupotea. Mimi njo nilifuta jina yake, juu pourcentage ipande."

Alinitazama mupaka batu ba nyuma bakaanza kunung'unika. Nilingoja matusi. Nilikuwa nayataka, kusema kweli. Lakini yeye pia alikuwa amechoka.

"Na huyu," akauliza, mukono yake ku bega ya Euphrasie, "mutamufuta mwaka ya ngapi?"

Mama Bibiane akaangalia ile ligne ndefu ya bazazi nyuma yake, kisha akaangalia mutoto.

"Kwingine hakuna kwenye batoto banapita," akasema. "Andika, mwalimu."