Kiti Kilichomfuata Eteri

Asubuhi ile Eteri alikuwa akimlowekea Bi Stamatia mkate kwenye maziwa, vicheko vya wanawake vilipopanda tena hadi roshani kutoka mgahawa wa kahawa ulio chini yao.

"Wale wanawake ni ndugu?" Eteri aliuliza. Alikuwa ametoka Georgia kuja kumtunza ajuza huyo, na Kigiriki chake kilikuwa cha dawa na supu tu.

"Ndugu wapi! Ile ni parea," alisema Bi Stamatia. "Watu wako wa kukaa nao. Ukichelewa wanakusengenya, ukifika wanakusogezea kiti. Hapa kwetu, asiye na parea hata kahawa haimshuki. Hebu sema."

"Parea."

Alipotoka kununua mkate, kiti kimoja cha mgahawa kilimfuata. Kilikuwa cha mbao, kikalio cha majani ya kusukwa, na kilijikokota kwenye mawe ya njia kikigongagonga.

"Hicho usiniingizie, nimeshapiga deki," mwoka mikate alimwambia. Kikamsubiri mlangoni.

Tangu hapo hakupata utulivu. Akipika, kiti kilizunguka jikoni; akianika mashuka, kilimpiga visigino. Alijua kinataka kwenda wapi. Yeye pia alitaka kwenda huko, alitaka mno, hadi akaona haya.

"Si ushuke nacho?" Bi Stamatia alisema. "Mnanitia kizunguzungu."

Alishuka sikukuu ya Bikira Maria, siku ya jina la Despina, mmoja wa wanawake wale, ambaye kwa desturi ya siku hiyo alikuwa akiwanunulia wote kahawa. Eteri alivaa gauni lake la buluu.

"Uishi miaka mingi, Bi Despina."

"Nawe pia, kipenzi." Kisha Despina akakiona kiti. "Jamani, sogeeni! Lemonia, toa hilo libegi lako. Kitasimama juani mpaka lini?"

Wakasogea. Adabu ya kijiji kile kwa viti haina kasoro. Kiti kikajipenyeza kati ya Despina na Lemonia, kikatulia. Kikaletewa kahawa, maji, na kijiko cha cheri za sukari. Lemonia akakitania kwa kuwa na mguu mmoja mfupi, wote wakacheka.

Eteri alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono juu ya egemeo.

"Umefanya vizuri kukileta," Despina alimwambia. "Sasa kimbia, bibi asibaki peke yake."

Eteri akapanda ngazi.

"Wamekupa nafasi?" Bi Stamatia aliuliza.

"Wametoa nafasi," alijibu. Akapindua ndoo, akaikalia, akaanza kumenya viazi. Vicheko vilipanda hadi roshani.