Mikunjo ya Hariri Nyekundu

Mama Pini akiwa kazini haongei, na wala usidhani ni upole. Mdomo umejaa pini. Anazibana kwa midomo, anachomoa moja, anamchomekea mtu begani, anachomoa nyingine, na muda wote huo watu wanammwagia siri zao kwa kuwa wanajua hawezi kujibu. Pini zikiisha, hapo ndipo utamjua. Kazi yake ni kupiga pasi na kuvalisha sari: bi harusi, mama, bibi, mashangazi, kila anayetaka kuingia kwenye harusi ya Kihindi bila kuhofia nguo kumvuka mbele za watu. Wanaume nao huwafunga vilemba, na wakitikisa kichwa huwafokea bila kujali umri.

Asubuhi ile nyumba ya bi harusi ilikuwa kama haijaamka sawasawa. Sari zilitundikwa kwenye kamba mbele ya madirisha, jua likawa linapita ndani yake na kumwaga rangi ukutani: zafarani, kijani, zambarau. Kila upepo ulipogusa kitambaa rangi zile zilisogea polepole, kisha zikarudi. Hewa ilinukia asmini na mvuke wa pasi. Watu walipita peku bila kishindo, huyu uso wa manjano, yule wa waridi, kutegemea kapita chini ya sari gani. Hata Mama Pini, mtu asiyekuwa na subira ya kusubiri chai ipoe, alijikuta anatembea taratibu.

Alianza na Shangazi, dada yake baba wa bi harusi, ambaye blauzi ilikuwa imemgomea.

"Huyu fundi kaniharibia kabisa," Shangazi alilalamika.

Mama Pini alitemea pini kiganjani. "Fundi ndiye aliyekula keki wiki nzima? Vuta pumzi, dada yangu."

Shangazi alicheka, akavuta pumzi, akafungwa. Ndipo bi harusi akaingia, wanja umeshapakwa, hina imekolea mpaka karibu na viwiko, amevaa blauzi na gagulo tu, akakaa kitandani.

"Sasa nileteeni ya mama," alisema.

Ya mama ilikuwa sari nyekundu ya hariri. Mama yake aliolewa nayo, akafariki huyu binti hajaanza hata kutambaa. Sauti yake haikumbuki, uso anaujua kwa picha. Kilichobaki ni ile sari ndani ya foronya kabatini. Tangu utotoni alikuwa akiifungua kwa siri na kupitisha kidole kwenye mikunjo, mstari kwa mstari, maana ile mikunjo iliwekwa na mikono ya mama yake na hakuna aliyeigusa tena. Leo alitaka kutoka nayo hivyo hivyo, na mistari yake. Alimweleza Mama Pini haya yote kwa sauti ya chini, macho yake yakifuata rangi ukutani.

Moyo wa Mama Pini ulilipuka paa.

Jana yake Shangazi ndiye aliyemletea sari ile, pamoja na ujumbe: "Bi harusi kasema uiangalie sana hiyo mikunjo." Sasa mwambie mtu wa pasi aangalie mikunjo, unadhani atafanya nini? Si ataiangalia! Aliitandaza mezani, akaifunika kitambaa cha pamba, akapitisha pasi ya vuguvugu kwa mapenzi kabisa, mpaka hariri ikatulia kama maji ndooni. Tena akajisifu.

Alizitoa pini zote mdomoni, akaziweka juu ya meza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mwanangu," alisema, "nimeipiga pasi."

Bi harusi hakulia. Heri angelia. Aliichukua sari mapajani, akapitisha kidole akitafuta mstari, kidole kikateleza mpaka mwisho.

"Basi siivai," alisema. "Nipeni nyingine yoyote. Hii sasa ni kitambaa tu."

"Si wewe uliyesema aiangalie?" Shangazi aliuliza.

"Nilitaka aitunze, Shangazi."

"Na kuangalia na kutunza vina tofauti gani?"

Wakati huo baba mtu aliingia, kilemba hakijafungwa, kitambaa kinaning'inia shingoni, amekuja kwa Mama Pini kusaidiwa. Aliona nyuso zao, akaiona sari, na Shangazi akamwambia yote kwa pumzi moja. Baba aliketi sakafuni karibu na miguu ya binti yake.

"Ile mikunjo si ya mama yako," alisema. "Ni yangu."

Bi harusi alimtazama.

"Hariri ukiiacha na mkunjo ule ule, inakatika pale pale. Mama yako alilijua hilo. Alipoona haponi, alinikalisha kitandani, akanifundisha kuikunja. Kila mwaka naitoa, naikunja upya, nahamisha mistari. Ukiwa shuleni."

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Siku moja nilikukuta unaipapasa kama unayemshika mama yako mkono. Ningeanzaje?"

Mama Pini alitamani sakafu immeze. Rangi zilisogea ukutani, zikarudi. Bi harusi aliangalia mikono ya baba yake, mikono minene isiyo na urembo wowote, kana kwamba ndiyo kwanza inaingia chumbani.

"Nifundishe," alisema. "Tukimaliza nitaivaa na hiyo mikunjo."

Wakaitandaza kitandani, baba upande huu, binti upande ule. Baba alikunja kwa kiganja, akabana kwa ubavu wa mkono, akasogeza. Mistari ilienda upande, na vidole vya Mama Pini vilimwasha kutaka kunyoosha, akavifungia kwapani. Bi harusi alifuatisha, akakunja kuelekea ndani.

"Hapana, nje," baba alisema, akatabasamu peke yake. "Nilikosea hapo hapo. Akanichapa kikofi."

"Mama?"

"Mgonjwa vile, lakini kikofi chake nilikisikia."

"Wapi?"

Baba alionyesha mgongo wa mkono. Bi harusi aliuangalia, kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe juu ya hariri.

"Nichape kama alivyokuchapa."

Baba alisita. Halafu akamchapa kikofi kidogo, cha haraka, juu ya hina.

Bi harusi alifumba macho, machozi yakashuka na wanja wake wote, na Mama Pini hakumkataza.

"Tena, Baba," bi harusi alisema.